Muulize Shangazi wa Jikoni: Nusu kilo ya nyama, watu saba mezani

Toleo lililopita nilikuwa namjibu msomaji aliyetaka chakula cha wageni wa ghafla, nikautaja mkate wa nyama, yaani nyama ya kusaga inayofinyangwa kama mkate ikaokwa, kwa mstari mmoja nikapita zangu. Kumbe nimejitafutia kazi. Barua na ujumbe wa simu vimeingia mpaka mwenye gazeti kaniambia, "Shangazi, safari hii andika hiyo hiyo." Haya basi.

*Shikamoo Shangazi. Huo mkate wa nyama umeutaja kama vile kila mtu anaujua. Mimi nimeuona tu kwenye simu ya mdogo wangu, unatolewa kwenye oveni juu mwekundu unang'aa. Nyumbani tuko saba: mimi, mume wangu, watoto watatu, mama mkwe na shemeji. Nyama tunanunua nusu kilo, Jumapili tu. Oveni sina, nina jiko la mkaa na la gesi la kichwa kimoja. Naweza kuupika au niendelee kuuangalia kwenye simu?* — Mama Watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Utaupika, tena Jumapili hii hii.

Kwanza nikwambie nilikoupata, maana ndiko kuliko na somo. Mwaka 1984 nilikuwa Moshi, binti wa miaka kumi na tisa, nasaidia jikoni kwa mke na mume walimu kutoka Minnesota, Marekani. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile: sukari foleni, sabuni foleni, mkate ukionekana dukani watu wanaitana kama kuna msiba. Yule mama alikuwa na daftari la mapishi la mama yake mzazi, kurasa zimeingia mafuta mpaka unaona upande wa pili. Akanifungulia ukurasa mmoja, akaniambia hiki ndicho alicholelewa nacho, kwa sababu mama yake aliingia kwenye ndoa miaka ya 1930, Marekani iko kwenye ule mdororo mkubwa ulioanza mwaka 1929, wanaume hawana kazi, na nyama kidogo lazima ishibishe nyumba nzima. Kwa hiyo mkate uliolala, shayiri, maziwa, kitunguu, chochote kilichokuwa kabatini kiliingizwa kwenye nyama ya kusaga, kikafinyangwa kama boflo na kuokwa. Mimi nilikuwa nadhani Wamarekani hawajawahi kukosa kitu. Nikakaa nikamsikiliza.

Nikaupika. Kwa kuwa uliitwa mkate, nikaukanda kama unga wa chapati, kwa ngumi, dakika kumi nzima, jasho linanitoka. Kilichotoka kwenye oveni kilikuwa tofali. Mama yule akaweka kisu juu, kisu kikateleza. Akacheka, akaniambia neno la Kiswahili alilokuwa analijua kuliko yote: "Polepole."

Basi weka hilo kichwani kabla hujanunua kitu: nyama hii haikandwi. Ukiikanda inashikamana kama mpira, ikipata moto inakaza. Unachanganya kwa vidole vilivyotanuliwa, kama unavyochambua wali usigandamane, na ukishaona vitu vyote vimekutana, unaacha.

Sasa nyama. Nenda bucha uchague kipande mwenyewe, shingo ni nzuri kwa sababu ina mafuta yake na bei haikuumizi, kisha kisagwe ukiwa umesimama pale. Ile ya kusaga iliyokwisha lala kwenye karai tangu asubuhi, nzi wanaizunguka, iache hapo hapo. Kipande kizima uchafu wake uko juu, moto unauwahi. Nyama ikishasagwa, wa juu umeingia ndani kote. Usimwache muuza bucha akakuondolea mafuta yote kwa kudhani anakufanyia hisani. Sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama, hapo ndipo penye utamu. Nyama kavu tupu itakupa kile kile cha Moshi.

Chukua slesi nne za mkate, zile za juzi zilizoanza kukauka ndizo hasa, uzichane vipande na kuvimwagia nusu kikombe cha maziwa. Maziwa hayapo? Maji ya uvuguvugu yatafanya kazi. Ziache dakika tano, kisha uziponde kwa uma mpaka ziwe kama uji mzito. Wengi wanadhani mkate huu ni wa kudanganyia tumbo. Kudanganya unadanganya, sikatai, lakini una kazi nyingine. Nyama ikipata moto hujikunja na kuyakamua maji yake yote nje. Mkate uliolowa ukiwa katikati yake, unayanyonya yale maji na kuyashikilia, halafu nyuzi za nyama hazipati nafasi ya kung'ang'aniana. Hata siku ukipata fedha za kilo mbili, mkate usiuache.

Kitunguu kimoja kikubwa katakata kidogo kabisa, na usikitie kibichi. Kikaange kwa kijiko cha mafuta mpaka kilainike, kiweke pembeni kipoe. Karoti moja ikwaruze upande wa matundu madogo. Kitunguu swaumu punje tatu, pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kotmiri ukipenda, na yai moja. Yule mama wa Minnesota hakuwa akitia kotmiri wala bizari, yeye chumvi na pilipili manga basi. Mimi naongeza bizari nyembamba robo kijiko na sioni haya.

Changanya vyote na mkate kwanza, nyama iingie mwisho. Kabla hujaufinyanga, bana kidonge kidogo ukubwa wa sarafu, ukikaange, uonje chumvi. Usionje mbichi! Nimewaona kina mama wanaonja kababu mbichi kwa ncha ya ulimi tangu wakiwa wasichana, wanasema hawajawahi kuumwa. Wewe kikaange.

Oveni huna, lakini bibi zetu hawakuwa nayo na mkate wa kumimina ulikuwa unaiva. Chukua sufuria kubwa nene, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, uweke kwenye jiko la mkaa dakika kumi upate joto. Chukua sufuria ndogo itakayoingia ndani yake. Kata jani la mgomba, lipitishe juu ya moto libabuke na kulainika, ulitandike humo na mafuta kidogo. Hapo ndipo nyama inakaa, umeifinyanga kama mkate, kimo cha vidole vinne, usiikandamize. Ingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, funika kubwa kwa sinia la bati au kifuniko kisicho na kishikio cha plastiki, halafu palia makaa juu.

Hapa ndipo watu wanapounguza: makaa ya chini yapunguze, ya juu yawe mengi, kama mara mbili ya chini. Moto wa chini ukiwa mkali, kitako kinakuwa cheusi na katikati bado pana damu. Usiwe na haraka ya kufunua funua. Baada ya dakika kama arobaini, fungua, upake ule wekundu ulioutamani kwenye simu: vijiko viwili vya chakula vya nyanya ya kopo au ya pakiti, kijiko kimoja cha sukari, kijiko cha chai cha siki au limau. Wamarekani wanatumia tomato sosi ya chupa, ambayo ndani yake hasa ni vitu hivyo hivyo vitatu na chumvi. Mwaka ule chupa hiyo haikupatikana Moshi nzima, tukawa tunatengeneza hivi, na nikikuapia kwamba hivi ni bora utaniamini ukionja. Funika tena, dakika kumi na tano au ishirini. Choma kisu katikati: maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe ya waridi. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 za Selsiasi, dakika hamsini kwa nusu kilo hii, saa nzima na kidogo kwa kilo.

Gesi peke yake pia inaivisha kwa mchanga ule ule, moto mdogo kabisa, ila juu hapatapata rangi. Weka makaa mawili matatu juu ya sinia mwishoni, uyaombe kwa jirani anayechoma mahindi.

Kuhusu fedha, nilipika Jumamosi iliyopita nikaandika kila kitu, kwa bei za mtaani kwangu: nyama 6,500, yai 400, mkate 500, maziwa 500, kitunguu na karoti 700, nyanya ya pakiti 500. Jumla shilingi 9,100, mkaa na viungo vya kabatini sijahesabu. Nimekata slesi nane, unene wa kidole gumba. Watu saba, kila mtu slesi yake na wali au viazi vya kuponda, na ya nane najua inakwenda kwa nani, kwa sababu na mimi nina mama mkwe. Nusu kilo ile ile ukiitia kwenye mchuzi, mwanangu, mtakuwa mnahesabiana vinofu.

*Shangazi za kazi. Mimi niliujaribu siku za nyuma kwa maelezo ya rafiki yangu. Nilipokata ukamwagika wote sahanini, tukaishia kuula kwa kijiko kama nyama ya kusaga. Nilikosea wapi? Niliweka yai, naapa.* — Fundi Cherehani, Morogoro

Nzuri, mwanangu. Yai nakuamini. Uliukata wa moto, sivyo? Harufu imejaa chumba, watoto wamezunguka, kisu mkononi. Ukitoka motoni uache utulie dakika kumi na tano, umefunikwa kwa sahani. Maji yanayozunguka ndani yanarudi mahali pake na yai na mkate vinakaza. Wewe unayeshona unajua: nguo haivuliwi kwenye mashine kabla sindano haijanyanyuliwa.

Kama uliusubiri na bado ukamwagika, basi ni mboga. Watu wakisikia "ongeza mboga upunguze gharama" wanatia pilipili hoho vipande vikubwa, nyanya mbichi, kitunguu kibichi kikombe kizima. Kila kipande kikubwa ni mlango, kisu kikifika hapo ukuta unaanguka. Nyanya mbichi ndani usitie kabisa, maji yake hayana mwisho. Na kisu kiwe kirefu na kikali, uvute kwenda na kurudi, usibonyeze.

*Shikamoo Shangazi, salamu kutoka Columbus, Ohio. Huku chakula hiki wanakijua wote, kazini kwangu kinauzwa kila Jumatano, lakini mimi sili kwa kuwa sijui kilichomo. Nimejaribu nyumbani kwa nyama ya kusaga ya pakiti ya duka la halali. Kwenye tini ya mkate ukawa unaogelea mafuta, na pembeni yalitoka mapovu meupe yaliyoganda. Niliposikia nyama ya bata mzinga haina mafuta nikahamia huko, ukawa mkavu kama vumbi la Dodoma. Nishike lipi?* — Mtoto wa Kondoa

Marahaba baba. Umefanya vizuri kujihadhari, kwa sababu mapishi mengi ya huko yanachanganya nyama ya ng'ombe, ya ndama na ya nguruwe, na dukani zinauzwa zikiwa zimeshachanganywa hivyo. Ukipika mwenyewe, mashaka yamekwisha.

Pakiti zenu huko zimeandikwa kabisa kiasi cha nyama na mafuta. Ile ya 80 kwa 20 ndiyo yenyewe, wala usiiogope. Kosa lilikuwa tini. Kuta zake zinayazuia mafuta, nyama inachemka ndani yake badala ya kuokwa. Itumie tini kama kalibu tu: ijaze nyama taratibu, kisha uipindue juu ya trei bapa uliyotandika karatasi ya kuokea, utoe tini. Mafuta yatatiririka yaende zake, na utapata ukoko pande zote badala ya juu peke yake. Mimi nagombania pembe zenye ukoko mpaka leo.

Yale mapovu meupe hayana neno, ni utomvu wa nyama wenyewe, kama ule unaouengua kwenye supu. Yafute kwa kijiko kabla hujapaka nyanya.

Bata mzinga si mbaya, ila mafuta yake madogo, kwa hiyo umpe kitu cha kumlainisha: uyoga uliokatwakatwa na kukaangwa na kitunguu, na mkate uongeze slesi moja. Na usiuache ukaiva kupita kiasi. Wewe uko kwenye nchi ambayo kipimajoto cha nyama kinauzwa kila duka, kinunue uache kubahatisha. Oveni yako iweke 350 za Farenhaiti, na kipimajoto kichome katikati kabisa: ng'ombe atoke akifika 160, bata mzinga 165. Ukiongeza robo saa "kwa usalama", vumbi la Dodoma linarudi.

*Binti yangu, mimi nasoma ukurasa wako kwa sababu mke wangu akimaliza gazeti ananiachia. Hiki kitu mnachokiita mkate wa nyama, huku Tanga tumekila tangu utoto. Kinaitwa kababu. Kwa nini mnatuletea mambo yetu kwa jina la Wazungu?* — Mzee wa Ngamiani

Shikamoo baba. Umenikamata pabaya, kwa sababu ni kweli nusu yake. Nyama ya kusaga, mkate uliolowekwa, yai, kitunguu, kotmiri: mwanamke yeyote wa Pwani akiambiwa avichanganye, mikono yake itaanza kuviringisha vidonge kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo maana Mama Watatu hapo juu sina wasiwasi naye hata kidogo.

Lakini kababu, baba, inataka karai la mafuta, na mafuta ya kupikia siku hizi ndiyo yanayotupa presha kuliko nyama. Inataka pia mtu asimame pale ageuze moja moja. Huu ukishaupalia makaa unakwenda kufua. Wajerumani nao wana wao, wakati mwingine wanaficha mayai ya kuchemsha katikati, wakauita "sungura wa uongo", nadhani kwa kuwa sungura wa kweli hakupatikana. Hilo la mayai nimelijaribu, linapendeza macho: kila slesi na jicho lake la njano. Mama wa nyumbani akikupikia hivyo Ijumaa, mwambie umetumwa na mimi. Na uuite kababu, hakuna atakayekushitaki.

*Mambo Shangazi, mimi mwanachuo, napika ghetto kwa jiko la gesi dogo. Uwezo wangu robo kilo. Na friji sina. Nifanyeje?* — Njaa Kali, Dodoma

Mwanangu, mimi si wa "mambo", lakini kwa jina hilo nimekusamehe.

Robo kilo inatosha. Chemsha dengu kikombe kimoja, zilainike sana, uchuje maji yote, uziponde, zipoe, uchanganye na nyama. Mkate slesi mbili bila maziwa, maana dengu zina unyevu wake. Yai lile lile moja. Miaka ile ya Moshi mkate wenyewe ulipokosekana tulitia wali uliobaki, na siku moja ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, uliopoa tukaukwaruza kama karoti. Wali ulikubali. Ugali, wallahi, sitaki kuuzungumzia.

Badala ya kufinyanga mkate mmoja, utandaze kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, unene wa vidole viwili, ufunike, moto mdogo, dakika kumi na mbili. Weka sahani juu, pindua, urudishe upande wa pili dakika nane, halafu ukate kama keki.

Kwa kuwa friji huna, usilaze. Pika jioni, waite wenzako wawili waje na wali wao, muumalize usiku huo huo. Chakula cha nyama kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la mchana hata hizo ni nyingi. Mwenye friji ataula siku tatu bila shida, na mimi nasema wa siku ya pili ni mtamu kuliko wa kwanza: slesi ya baridi, imekaza, inakatika nyembamba bila kumeguka. Unaikaanga kavu pande zote mbili mpaka ukingo uwe kahawia, unaifungia ndani ya chapati iliyobaki na kachumbari yenye limau nyingi. Ikitokea mwenye nyumba wako ana friji, msalimie vizuri wiki hii.